Zumari Aliyopewa Shekue

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Na neno, lipe njia lipite!
Basi kunjeni miguu, linapita.

Hapo kale, mpunga ulipokuwa ukipigiwa zumari kabla ya kuvunwa, aliondokea mwanamke akiitwa Mwanasha. Mumewe, Famau, ndiye aliyekuwa mpiga zumari wa mji. Akivimbisha mashavu, wazee hutikisa vichwa na wali ukapoa sahanini. Kwa pumzi zile Jumbe alimpa shamba la mpunga bondeni, nalo ndilo lililowalisha.

Famau akashikwa na homa. Siku ya kwanza akalala, siku ya pili akaweweseka, siku ya tatu akazikwa. Akamwachia Mwanasha mtoto mmoja, Shekue, wa miaka sita, meno ya mbele yamemng'oka. Tangu mazishi mtoto yule hakucheka.

Eda ilipokwisha akaja Chande, ndugu yake Famau. Akasimama mlangoni.

"Shemeji, natoka kwa Jumbe. Anasema shamba ni la nyumba yenye zumari. Mavuno haya asiposikia zumari ya nyumba hii, shamba atapewa mwingine."

"Mwingine nani?"

"Jumbe ndiye ajuaye," akasema Chande, akitazama vidole vyake vya miguu.

Jamani, mtu akikupa habari huku anatazama vidole vyake, nawe vitazame!

Mwanasha akamshika mtoto mkono mpaka kwa Fundi Mbaruku, mchonga ala za kupuliza. Fundi akaweka vitu vitatu mkekani: kibua cha jani la mpapai kilichotobolewa kiwe kipenga cha watoto, filimbi ya mwanzi, na zumari ya mpingo.

Shekue akachukua kibua. Pii! Akashtuka. Pii! Akacheka, pengo lote nje. Mwanasha akageuza uso, machozi yakimlengalenga.

Akachukua filimbi. Fuu, upepo mtupu. Fuu, upepo mtupu. Mara ya tatu ikatoka sauti moja, nyembamba, imenyooka.

Akachukua zumari. Akapuliza, kimya. Akapuliza, kimya. Akapuliza mpaka macho yakamtoka. Kimya. Na vidole havikufika matundu ya chini.

"Umeona, mama Shekue?" akasema fundi. "Kibua ni cha leo, cha kumchekesha. Filimbi ni ya umri wake, haidai pumzi nyingi. Zumari inataka meno, inataka kifua. Mchukulie filimbi."

"Filimbi hailishi mtu, Fundi. Samaki mkunje angali mbichi."

"Mkunje, mama. Usimvunje."

Mwanasha aliijua kweli ile. Lakini kila alipoitazama filimbi aliona ghala tupu. Akachukua zumari.

Juma la kwanza midomo ya Shekue ikavimba. Juma la pili fizi zikatoka damu. Juma la tatu, akimwona mama ameshika zumari tu, hukimbilia uvunguni.

"Toka, baba. Puliza kidogo."

"Inauma, mama."

"Usipopuliza tutakula nini?"

Mtoto akatoka, akapuliza. Mwanasha akamfuta damu kwa upindo wa kanga, moyo ukimwambia acha, tumbo likimwambia bado.

Siku ya mavuno mji mzima ukashuka bondeni. Shekue akasimamishwa mbele ya Jumbe. Akapuliza. Ikatoka sauti kama ya mbuzi aliyekanyagwa. Watu wakaangua kicheko. Mtoto akajikojolea pale pale.

Jumbe hakucheka.

"Mwanasha, nani aliyekwambia umtese mtoto hivi?"

"Ni wewe, Jumbe. Ulimtuma Chande."

"Mimi? Nilimtuma akwambie shamba ni lenu mpaka mtoto abaleghe. Hapo ndipo nitakapotaka kuisikia zumari yake."

Kicheko kikakatika. Macho yote kwa Chande. Kumbe yeye ndiye aliyelimezea mate shamba la nduguye! Kikulacho...

— Ki nguoni mwako!

Naam. Jumbe akamfukuza Chande mjini. Mwanasha akavuna, ghala likajaa.

Naona mmeanza kupumua. Ngojeni.

Kesho yake Mwanasha alikwenda mbio kwa fundi, akarudi na filimbi. Akampigia mtoto magoti.

"Chukua, baba. Hii haiumi."

Shekue akaitazama. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Akabembelezwa kwa asali, akakataa. Akabembelezwa kwa wimbo, akakataa. Akaletewa hata kibua cha mpapai, akakimbia. Meno yakaota, kifua kikapanuka, ndevu zikamtoka. Hakupuliza kitu, hata moto wa jikoni.

Mwaka aliobaleghe Shekue, Jumbe akashuka bondeni, akangoja zumari. Akangoja mpaka jua likawa la utosi. Kisha akainuka, shamba likaenda kwa nyumba nyingine, na safari hii hapakuwa na mwongo wa kumlaumu.

Njiani kurudi, Mwanasha akasema, "Mwanangu, nisamehe."

"Nilikusamehe zamani, mama," akajibu Shekue. "Mdomo ndio unaokataa."

Ngano yangu nimeitua hapo. Mkiiona tamu, gawaneni. Mkiiona chungu, nirudishieni, niilambe peke yangu.