Pipa Hunywa Kila Jumatatu

Wahenga hawakumtetea mkunga kwa sababu ni mpole, wala kwa sababu ni mzee. Walimtetea kwa hoja nyepesi: aliyekuzalisha leo, kesho utamhitaji tena, na kesho haiko mbali. Anayetaka kujua mambo huishia wapi mtu akisahau hoja hiyo, basi na asikie habari za Lisandro Cornejo wa bonde la Calchaquí, mtu aliyesoma mengi na kusikia machache.

Shamba la akina Cornejo lilikuwa juu sana, mita elfu mbili na mia tatu, mahali ambapo jua huchoma mchana na baridi huuma usiku, na zabibu huota ngozi nene kama watu wa huko. Huko ndiko ulikotoka Lunareja, mvinyo mwekundu uliochanganywa zabibu za malbec, cabernet na tannat, ukapewa jina la farasi wa mama mkuu wa ukoo. Chupa zake hazikuwa nyingi. Theluthi mbili zilichukuliwa kila mwaka na mwanamke mmoja wa Buenos Aires, Irupé Salvatierra, mwenye ulimi usiodanganyika. Majirani walikuwa wameshauza mashamba yao kwa wageni mmoja baada ya mwingine. Bonde zima lilijua kwamba siku Irupé atakapogeuza uso, la akina Cornejo nalo litafuata.

Baba yake alipofariki, Lisandro alirudi kutoka Mendoza na shahada yake ya kutengeneza mvinyo. Ghala la mapipa alilikuta mikononi mwa bibi aliyeitwa kwa heshima doña Zenobia Guantay, mwanamke mfupi wa miaka sitini na minne, mwenye kofia ambayo hakuna aliyewahi kumwona ameivua. Kule juu hewa ni kavu, na pipa la mbao hunywa. Kila wiki mvinyo hupungua kidogo, na usipojazia, hewa huingia na mvinyo huishia kuwa siki. Kwa hiyo kila Jumatatu, kwa miaka thelathini na mmoja, Zenobia alipita pipa kwa pipa na dumu lake la kioo, akijazia na kusema na mapipa kama mtu anayelisha kuku. Lisandro alimwona siku ya kwanza, akamhesabu pamoja na vyombo vya ghalani.

Mavuno yalipokwisha mwezi wa Aprili, mbuzi walichomwa na watu wakaketi mezani uani. Nicasio, msimamizi wa shamba, alinyanyua glasi yake.

"Tunywe kwa heshima ya doña Zenobia, mama wa Lunareja!"

Neno hilo lilimchoma Lisandro. "Mama?" akasema. "Kama kujaza ndiko kuzaa, basi hata mfereji wa maji ni mama yangu."

Watu walicheka, wengine kwa sababu ilichekesha, wengine kwa sababu aliyesema ndiye bosi. Zenobia aliweka kisu chake chini.

"Mwanangu, hicho ninachojazia, unajua kinatoka wapi?"

"Kinatoka kwenye dumu, doña."

"Nikwambie jambo moja…"

"Utaniambia nini wewe? Hata maandishi ya kwenye chupa huwezi kuyasoma. Kazi yako itafanywa na pampu, nimeshaiagiza. Itajazia malbec ileile, kama vitabu vinavyosema. Wewe nenda kapumzike."

Safari hii hakucheka mtu. Zenobia alifuta kisu, akajifunga mtandio, akaaga kila mmoja kwa jina lake, Lisandro akiwa wa mwisho. Jumatatu iliyofuata hakuja.

Ulipofika Julai, wakati wa kupogoa, Lisandro aliikazia macho mizabibu ya nyuma ya jikoni. Ilikuwa mikongwe, imejipinda kama vidole vya ajuza, zabibu za kienyeji zilizochanganyikana na za kunukia, zilizopandwa na yule mama mkuu wa ukoo. Akaamuru ing'olewe.

Nicasio alijikuna kichwa. "Bosi, zabibu za hii doña Zenobia alikuwa akizikamua mwenyewe…"

"Kwa kinywaji chake cha jikoni, najua. Ng'oa."

Zenobia alipita siku hiyo, akaomba mzigo wa matawi kwa ajili ya kuni. Lisandro alijiona mkarimu. "Chukua hata miwili," akamwambia.

Mwaka ukazunguka. Pampu ilijazia mapipa bila kumwaga hata tone, wala haikusema na mtu. Irupé Salvatierra alipofika Julai iliyofuata, alionja mara ya kwanza, akaitazama glasi. Akaonja tena.

"Unaumwa, Lisandro?"

"Mimi? Mzima kabisa."

"Basi mvinyo ndio unaoumwa. Rangi unayo, nguvu unazo. Harufu hakuna, na unakamata ulimi kama ndizi mbichi. Lunareja alikuwa mtu mkali anayetabasamu. Huyu ni mkali tu."

"Labda mwakani…"

"Mwakani nitaonja. Mwaka huu sichukui."

Gari lake lilipotimua vumbi, Lisandro alimwita Nicasio. "Yule mama alikuwa akijazia nini?"

"Si ndiyo niliyotaka kukwambia, bosi! Mvinyo wa zabibu za nyuma ya jikoni."

Lisandro alisimama palepale. Kikombe kwa kikombe, Jumatatu kwa Jumatatu, mwaka mzima na zaidi: karibu sehemu moja ya kumi ya kila pipa. Lunareja ilikuwa na zabibu nyingine ambayo haikuandikwa kwenye chupa, na yeye ameing'oa kwa amri yake mwenyewe. Akaenda nyuma ya jikoni, akaketi juu ya jiwe. Aliona aibu, na chini ya aibu akaiona hofu.

Tarehe mosi Agosti, siku ya kumlisha Pachamama, mama ardhi, bonde zima lilikusanyika kulizunguka shimo la sadaka. Kama kila mwaka, aliyelifungua alikuwa Zenobia. Watu waliweka majani ya koka, mahindi, nyama, kila mtu na alichojaliwa. Lisandro alipiga magoti na chupa ya mvinyo wake mpya, akaanza kumimina.

"Polepole," Zenobia akasema. "Huo hata Pachamama atakunja uso."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Lisandro alingoja wamalize.

"Doña, nilikutukana mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu haohao."

Zenobia alitafuna koka yake bila haraka. "Haya, niulize sasa lile ulilokataa kuambiwa."

"Ulikuwa ukijazia nini?"

"Unajua tayari. Babu yako aliniuliza mwaka wa kwanza, na baba yako akaniuliza. Ni wewe tu niliyetaka kukwambia bure." Akajipangusa mikono. "Njoo."

Alimpeleka nyuma ya nyumba yake. Pale ukutani, mahali pasipofikiwa na upepo, vilisimama vijiti vya mizabibu vilivyoshika mizizi, safu kwa safu, virefu kufika gotini, vimefungwa kwa nyuzi za sufu.

"Kuni zangu," akasema. "Uliniambia nichukue mizigo miwili, nikachukua miwili."

Machozi yalimlenga Lisandro. "Vitazaa lini?"

"Miaka miwili, labda mitatu. Mimba haiamrishwi, mwanangu."

Haikuamrishwa. Irupé alikuja na kuondoka mikono mitupu mara mbili zaidi, na ekari zote za chini ziliuzwa ili za juu zibaki. Pampu ilirudishwa kwenye sanduku lake. Mavuno ya kuni zile yalipopatikana, kila Jumatatu mtu aliyepita ghalani alimwona Lisandro amebeba dumu, akimfuata mwanamke mfupi mwenye kofia, naye mwanamke akisema na mapipa.

Irupé alipokuja mara ya nne alionja. Akaonja tena, akafumba macho.

"Nani amerudi?" akauliza.

Lisandro alisogea pembeni tu, ili doña Zenobia aonekane. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.