Bata wa Jumapili ya Chungu Kimoja

Mniwie radhi mapema: hekaya hii naiharibu kila nikiisimulia, maana huanza kucheka kabla yenu.

Palikuwa na mkuu wa mtaa katika mji mmoja wa Ujerumani, Wanazi wamekwisha kushika nchi na vita bado havijaja. Jina lake Klotz. Jana alikuwa dalali aliyefilisika. Leo kavaa buti, na mtaa mzima unamnyooshea mkono kama watoto wanaoomba ruhusa ya kwenda msalani. Kuamkiana kwa zamani kulikufa. Jirani alimchongea jirani, mtoto akamchongea baba. Klotz naye akaamuru: Jumapili hiyo kila nyumba ipike mchuzi wa chungu kimoja tu, pesa zinazookolewa zitiwe kwenye kopo la chama. Na atapita mwenyewe, pua mbele, kunusa majiko ya watu.

Pua ikampeleka kwa Ottilie, mjane mwoka mikate. Klotz alikuwa akimtafutia kosa siku nyingi, kwa kuwa mjane huyo bado alimuuzia mkate mzee Rosenau, Myahudi, ambaye mtaa mzima ulikwisha kumpa kisogo.

Klotz akafungua tanuri. Bata bukini! Mnono, wa kahawia, anachuruzika mafuta.

"Ahaa! Majirani, njooni mwone!"

Wakajaa mlangoni. Ottilie aliiona jela inamkodolea macho. Akajikung'uta unga mikononi, polepole.

"Kwani anayekula bata leo ni nani, Bwana Klotz?"

"Msaliti wa taifa!"

"Hata kama ana njaa?"

"Msaliti mwenye njaa!"

"Na kama ana cheo?"

"Cheo! Wewe muuza mikate una cheo gani?"

"Nauliza tu, bwana. Sisi wajinga tusipouliza tutajuaje?"

"Hata awe na buti mpaka kwapani! Mwenye bata huyu atavishwa bango shingoni, 'Mimi ni mlafi', azungushwe mji mzima, kisha jela. Mmesikia?"

"Tumesikia!" wakaitikia majirani. Kuitikia walishazoea.

"Haya, sema mbele yao. Bata wa nani?"

Ottilie akainamisha kichwa kwa adabu tele.

"Kosa ni langu, bwana mkubwa. Mkeo alimleta mapema, ili kwenu kusinuke. Akanisisitiza awe tayari kabla hujaanza kukagua. Ningechochea moto vizuri, saa hizi ungekuwa umeshamla."