Vimeng'enya Vitatu, Chupa Moja

Kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake, zipo kazi zinazomshinda mtu mmoja, hata awe hodari namna gani. Binti mmoja mtafiti wa dawa aliijua methali hii tangu utotoni, ila hakuiamini.

Alikuwa na bidii ya mchwa. Katika maabara yake nyembamba iliyonuka spiriti, alitaka kuunda dawa ya maumivu ya viungo iliyomo katika mzizi fulani wa msituni. Mmea wenyewe ulikuwa ukitoweka. Ndani ya mzizi huo, vimeng'enya vitatu, vichocheo vya uhai visivyoonekana kwa macho, huugeuza utomvu kuwa dawa kwa kupokezana. Binti alivitenga, kila kimoja chupa yake. Kwa miezi minane, zao la kimeng'enya cha kwanza liliharibika kabla hajalihamishia chupa ya pili, likawa jeusi kama masizi.

"Mjukuu wangu, nikusaidie?" fundi mzee wa maabara alimuuliza kila siku.

"Asante, Babu, nitaweza."

"Kuweza utaweza. Kula ndiyo huli."

Asubuhi moja utomvu ukabaki kijiko kimoja tu. Binti akaketi sakafuni, machozi yakamlengalenga. Mzee akamletea chai, akaketi naye, magoti yakilia kwa uzee.

"Hebu nieleze. Humo mzizini, hivyo vitatu hukaa nyumba mbalimbali?"

"Hapana, hukaa pamoja. Kimoja kikimaliza, mwenzake hudaka papo hapo."

"Sasa wewe umevitenganishia nini?"

Binti akacheka huku akijifuta machozi. Lakini vikikaa pamoja, joto lilitakiwa lisiyumbe: likipungua, cha kwanza hulala, likizidi, cha tatu hufa. Na mashine yao ya joto ilikuwa kongwe, yenye vituko ambavyo mzee peke yake alivijua.

"Babu," alisema kwa sauti ndogo, "nisaidie."

Mzee akashika swichi, macho kwenye kipimajoto. Binti akavitia vimeng'enya vyote vitatu katika chupa moja, akadondoshea utomvu tone baada ya tone. Kwa muda wa saa tatu hakuna aliyeinuka. Maji ya chupani yakawa ya manjano, yakabaki ya manjano. Vipimo vikathibitisha: ni dawa yenyewe!

Kwenye ripoti, binti aliandika majina mawili.

"Mimi nilishika swichi tu," mzee alilalamika.

"Na mimi nilidondosha matone tu, Babu."

Mzee akageuka upande, akajifanya anafuta miwani. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.