Fisi Aliyetaka Kata Zote Tano

Sogeeni, wanangu, na mlio nyuma msisukumane. Maneno yatawafikia wote.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango, majiko na majirani wasumbufu, palikuwa na nchi iliyoitwa Ngarambo. Ilikuwa na kaya hamsini. Ishirini zilikuwa za fisi, na thelathini zilikuwa za wanyama wadogo: kanga, pimbi, digidigi, sungura na nguchiro.

Nchi ile iligawanywa kata tano, kila kata kaya kumi, na kila kaya kura moja. Kila kata ilichagua mjumbe wake. Wajumbe hao watano ndio waliokuwa na neno la mwisho juu ya chemchemi, maji matamu pekee katika Ngarambo nzima. Kila baada ya miaka kumi kaya zilihesabiwa, na mipaka ya kata ikachorwa upya.

Nani aliichora? Aliyekalia kiti. Na mwaka ule kiti kilikaliwa na Bwana Fisi.

Basi asubuhi moja Sikudhani, nguchiro mwembamba mwenye macho mepesi, alirudi kutoka kuchuma mboga akasikia nyumbani kwake: ngo! ngo! ngo!

Akaingia mbio. Lahaula! Korongo, mpima mipaka wa Bwana Fisi, alikuwa amesimama katikati ya nyumba kwa miguu yake mirefu, akigongomea kigingi kati ya jiko na kitanda.

"Hodi hukupiga, Bwana Korongo?"

"Mpaka haupigi hodi, bibie. Kuanzia leo ukipika uko Kata ya Pili, ukilala uko Kata ya Tatu."

"Na nikisinzia jikoni?"

Korongo akakohoa. "Hilo kamuulize Bwana Fisi. Mimi napima tu." Akavuka dirisha kwa hatua moja, akaenda zake.

Sikudhani hakuweka mboga jikoni. Kuna kitu kilimnukia, na hakikuwa mboga. Mpaka wa siku zote ulifuata bonde la mto, mtu akiuona anauelewa. Huu je? Akatoka, akaufuata kigingi kwa kigingi.

Mpaka ule ulikwenda kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Ulipofika kwa fisi, ulijikunja ukamchukua. Ulipofika kwa kanga, ulimkwepa. Ulipita katikati ya shamba la pimbi, ukarudi nyuma, ukazunguka kichuguu, ukaenda kumchukua fisi mmoja kizee aliyeishi peke yake mbali kabisa.

Sikudhani akakaa chini akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Kata ya Kwanza: kaya kumi, zote za wadogo. Kata ya Pili: nane za wadogo, mbili za fisi. Na zile tatu zilizobaki? Kila moja fisi sita, wadogo wanne.

"Mama yangu!" akasema. "Sisi thelathini tutapata wajumbe wawili, wao ishirini watapata watatu!"

Akakimbia, tii, mpaka kwa jirani yake Mama Kanga.

"Shoga, tumekwisha! Wakipata wajumbe watatu, wataizungushia uzio chemchemi."

Mama Kanga aliacha kupeta mtama. Kiangazi kilichopita chemchemi ilifungwa siku tisa tu, ati inasafishwa. Wadogo walikunywa maji ya bwawa la chumvi, na Mama Kanga alizika vifaranga wawili. Akaubwaga ungo chini, mtama ukamwagika, chwaaa.

"Twende tukamlilie Bwana Fisi," akasema.

"Kumlilia fisi ni kumwonyesha ulipo," Sikudhani akajibu. "Niache niende peke yangu."

Bwana Fisi alikuwa barazani kwake, ramani imetandazwa mbele yake juu ya ngozi, Korongo pembeni. Alipomwona Sikudhani akacheka: "Hii-hii-hiii! Umekuja kulalamika?"

"La, Mzee. Nimekuja kukupa pole."

Kicheko kikakatika. "Pole ya nini?"

"Mnyama mwenye nguvu kama wewe, kuridhika na kata tatu! Huko njiani nimewasikia wapita njia wakisema, 'Kumbe Bwana Fisi mwenyewe anajua hapendwi, ndiyo maana kajibanza katika tatu.' Na sisi wadogo tunavyokupenda!"

Bwana Fisi akainuka. Akamzunguka Sikudhani mara moja, akimnusa. Akamzunguka mara ya pili.

"Nguchiro," akasema taratibu, "wewe si wangu. Kwa nini unaniambia haya? Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Mzee, jiko langu liko kata hii na kitanda changu kata ile. Ukichora upya, nikumbuke, univutie kigingi hatua tatu tu. Sitaki kingine."

Hilo Bwana Fisi alilielewa. Anayetaka kitu kidogo kwa ajili yake mwenyewe hamtishi mtu. Hata hivyo hakuamini.

"Unasema wadogo wananipenda?"

"Usiniamini mimi. Waite waje wale, wanywe, kisha uwaulize mwenyewe mbele ya macho yako."

Sikudhani alirudi akapita mlango kwa mlango. Kila nyumba aliacha maneno yaleyale: "Mkiitwa, nendeni. Mkipewa chakula, kuleni. Mkipewa kitambaa, vaeni. Mkiulizwa, nyosheni mkono. Siku ya kura, nyuma ya pazia, utakuwa peke yako na Mungu wako."

"Mbona hivyo?" waliuliza.

"Msiniulize," alijibu. Alijua kwamba siri ikiingia kwa kanga mmoja, jioni inajulikana kwa kanga wote, na asubuhi fisi wanailia staftahi.

Wanangu, hapo ndipo shida ilipoanza. Asiyejieleza, watu humweleza wenyewe wanavyotaka. Mzee Digidigi akasema, "Kanunuliwa huyo." Pimbi wakasema, "Ameahidiwa kuvutiwa kigingi, tumesikia!" Sikudhani alipokwenda kuomba moto kwa Mama Kanga, mlango ulifungwa, pwa! usoni pake.

"Shoga, ni mimi."

"Najua ni wewe," sauti ikajibu kutoka ndani. "Wanangu wamelala kule karibu na bwawa la chumvi. Nenda kawaombe moto wao."

Sikudhani alisimama pale na kigae chake mkononi. Angeweza kusema yote kwa maneno kumi. Akageuka, akarudi nyumbani akala mboga mbichi.

Siku ya karamu, Bwana Fisi aliwapikia wadogo pilau, akawagawia vitambaa vya kijani, rangi yake. Wote walikuja. Walikula, wakavaa, wakapiga vigelegele. Fisi wote ishirini walisimama pembeni, meno nje.

Bwana Fisi akapanda juu ya kiti. "Haya! Nani hapa atanipa kura yake? Nyosha mkono!"

Fisi mmoja alilamba midomo, mlap.

Mkono mmoja ukapanda. Kisha mitano, kisha kumi na sita. Kabla hujameza mate, mikono yote thelathini ilikuwa juu, na mkono wa Mama Kanga ulikuwa miongoni mwake.

"Na nani ataninyima?"

Hata nzi hakuruka.

"Umeona, Korongo?" Bwana Fisi alinong'ona, masikio yamemsimama kwa furaha. "Wote!"

Lakini alikuwa na wasiwasi bado, maana fisi hulala jicho moja wazi. Siku tatu mfululizo alimtuma Korongo kupita majumbani kuchungulia. Korongo alirudi na habari ileile: kila mlango una kitambaa cha kijani, na nguchiro hasemeshwi na mtu.

"Hasemeshwi?" Bwana Fisi akauliza.

"Wanamwita msaliti, Mzee. Hata jirani yake kamfungia mlango."

Bwana Fisi akapiga paja. "Basi ni wangu kweli! Ile ya kupewa pole nilidhani ni mtego. Korongo, ng'oa vigingi! Wagawe fisi wangu sawasawa, wanne kila kata. Wadogo sita kila kata watatufuata. Nataka zote tano!"

Korongo alisimama mguu mmoja, akafikiri.

"Mzee, tatu za mwanzo zilikuwa mkononi. Katika hizo fisi walikuwa wengi. Ukiwatawanya wanne wanne, unategemea wasio wako. Mkono ulionyoshwa mbele ya meno ni..."

"Ni nini?" Bwana Fisi alimsogelea mpaka pua zikakaribiana. "Nguchiro anataka nipate tano, wewe unataka nipate tatu. Nani kakulipa, Korongo? Kanga? Pimbi?"

"Mzee, hakuna..."

"Pima!"

Ngo! ngo! ngo! Vigingi vikang'olewa huku, vikapigiliwa kule. Kobe, msimamizi wa uchaguzi, akaitia ramani mhuri wake, naye hakuwa na haki ya kuuliza. Kwa sheria ya Ngarambo, ramani ikishapigwa mhuri haiguswi mpaka miaka kumi ipite.

Siku ya kura ilifika. Kila kata iliwekewa pazia, na nyuma ya pazia vyungu viwili, cheusi cha fisi na chekundu cha wadogo. Kila kaya ilipewa punje moja ya hindi.

Sikudhani alisimama kwenye foleni ya kata yake, mbele yake Mzee Digidigi, nyuma yake Mama Kanga. Hakuna aliyemsalimu. Na sasa, wanangu, shaka ilimgeukia yeye mwenyewe. Alimtazama Mzee Digidigi alivyokifunga kitambaa cha kijani shingoni vizuri, kwa fundo la madaha. Je, anaigiza, au kweli kakipenda? Ile pilau ilikuwa tamu. Wengine walirudia sahani tatu. Na ikiwa kweli wamehama? Atakuwa ameiuza nchi kwa mikono yake, badala ya kata tatu akampa fisi tano!

Digidigi akaingia. Tok! Punje ilianguka, lakini chungu gani? Akatoka, uso mkavu kama jiwe.

Sikudhani akaingia. Punje yake akaitia chungu chekundu. Alipotoka, Mama Kanga alipita bila kumwangalia. Tok!

Jua lilipoelekea magharibi, Kobe alivikusanya vyungu uwanjani. Bwana Fisi alikuwa tayari na ngoma yake. Akaivuta karibu, akajikalia.

"Kata ya Kwanza," Kobe akasoma, polepole kama desturi yake. "Chungu cheusi, nne. Chekundu, sita."

Ngoma haikupigwa.

"Kata ya Pili. Cheusi, nne. Chekundu, sita."

"Hesabu tena!" Bwana Fisi akabweka.

Kobe akahesabu tena, punje kwa punje. "Nne. Sita."

"Kata ya Tatu. Cheusi, sita. Chekundu, nne."

Fisi wakashangilia, "Hii-hii-hiii!" Wadogo wakatazamana. Wawili miongoni mwa majirani wa Kata ya Tatu walikuwa wamenunuliwa kweli. Nani? Kila mmoja alichungulia jicho la mwenzake, na kila jicho lilitazama chini.

"Kata ya Nne. Cheusi, nne. Chekundu, sita. Kata ya Tano..." Kobe akasimama akafuta pua. Sikudhani alitaka kumvuta maneno kwa mkono. "Cheusi, nne. Chekundu, sita."

Wajumbe wanne wa wadogo, mmoja wa fisi! Kelele zilizopanda hapo hazisimuliki. Kanga walilia kwa pamoja, pimbi walipiga mluzi, sungura walirukaruka mpaka vumbi likafunika uwanja.

"Wizi!" Bwana Fisi akanguruma. "Thelathini walininyoshea mikono! Niliwaona kwa macho yangu! Mmenilia pilau, mmenivalia vitambaa! Kobe, chora upya!"

"Ramani ni yako, Mzee," Kobe akajibu. "Uliichora mwenyewe. Rudi baada ya miaka kumi."

Bwana Fisi akageuka amtafute Korongo amlaumu. Korongo alikuwa ameshapaa, hatua tatu na mbawa mbili, akawa nukta angani.

Mama Kanga alikuja mpaka aliposimama Sikudhani.

"Kumbe ulijua tangu barazani kwake."

"Nilijua akitaka zote, atajipunguza mwenyewe. Nyinyi sikuwajua, shoga. Mpaka Kobe anafuta pua, sikujua."

"Ungeniambia mimi tu."

"Wewe?" Sikudhani akacheka kidogo, machozi yakimlenga. "Wewe, shoga yangu, hujawahi kunyamaza tangu uanguliwe."

Mama Kanga akakataa kucheka, akashindwa. Kisha akashusha sauti. "Na wale wawili wa Kata ya Tatu? Unadhani ni nani?"

Sikudhani akautazama umati unaocheza. Mzee Digidigi alikuwa wa kata yao, lakini ndugu zake walikuwa wa ile. Pimbi pia, na sungura pia. Wote walikuwa wamebebana mabegani, wote wanacheka.

"Sijui," akasema. "Ila maji yapo. Twende tukateke kabla ya giza."

Wakashika mitungi, wakaondoka wakiongozana.

Yangu nimeyamaliza, wanangu, nanyi shikeni hili moja: anayeogopwa hunyoshewa mikono, lakini hafunuliwi mioyo.