Aliyesema Hapana na Daraja la Kaselya

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, bali zamani ya juzijuzi ya waheshimiwa kusema, palikuwa na mbunge wa upinzani aliyeitwa Lutengano Kapyela. Jimbo lake lilikuwa milimani, kwenye baridi na viazi, na lilipakana na jimbo la Mheshimiwa Ambilikile, mbunge wa chama tawala. Kati ya majimbo hayo ulipita Mto Kaselya. Upande wa Lutengano palikuwa na mashamba, upande wa Ambilikile palikuwa na hospitali. Daraja halikuwepo. Palikuwa na magogo matatu tu, na kila masika mto uliyabeba.

Mwaka wa kwanza wa ubunge wa Lutengano, mke wa fundi cherehani mmoja alishikwa na uchungu asubuhi. Wakamkalisha ukingoni kusubiri maji yapungue. Ilipofika adhuhuri alikuwa amekwisha kufa, yeye na mtoto.

Lutengano alikwenda msibani na hotuba fupi mfukoni. Hakuimaliza. Mkunga wa kijiji, Bi Subilaga, alimshika mkono mbele ya watu.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa. Ulipiga kelele hata kabla sijakufuta. Sasa nenda ukapige kelele huko Bungeni. Wakizungumza habari ya samaki, wewe taja daraja. Wakizungumza habari ya mpira, wewe taja daraja. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Akaenda. Ukaletwa muswada wa uvuvi, Lutengano akasimama: "Mheshimiwa Spika, kabla sijaanza, Mto Kaselya hauna daraja." Ukaletwa muswada wa michezo, akasimama: "Mheshimiwa Spika, kabla sijaanza, Mto Kaselya hauna daraja." Ukaletwa muswada wa ufugaji wa nyuki, wabunge wakaanza kucheka hata kabla hajawasha kipaza sauti. "Mheshimiwa Spika, nyuki wa jimboni kwangu wanavuka Mto Kaselya bila shida. Wana mabawa. Wapiga kura wangu hawana."

Na kila alipouliza, Naibu Waziri wa Ujenzi alisimama, akafunga kifungo cha koti, akajibu: "Serikali inalitambua tatizo hilo. Upembuzi yakinifu unaendelea. Fedha zikipatikana, daraja litajengwa." Akafungua kifungo, akakaa.

Mara thelathini na moja Lutengano aliuliza. Mara thelathini na moja kifungo kilifungwa na kufunguliwa.

Na Ambilikile je? Ambilikile alikuwa mtu mpole, mwenye usingizi mzuri. Kwa miaka mitano alichangia mara moja tu: aliomba feni ipunguzwe. Lakini kura ilipoitishwa aliamka, akasema Ndiyo, na hakupata kukosea hata siku moja.

Mwaka wa nne ikaja bajeti. Lutengano akafungua kitabu, akakuta ukurasa wa mia moja na kumi na nne umeandikwa: Daraja la Mto Kaselya. Akasoma mara mbili. Akasoma mara tatu. Kisha akarudi mwanzo mwanzo, ukurasa wa tisa, akakuta ruzuku ya mbolea imefutwa.

Bajeti haipigiwi kura ukurasa kwa ukurasa. Ni kitabu kizima, Ndiyo au Hapana. Na watu wa Lutengano hawana kazi nyingine ila kulima, na udongo wa mlimani bila mbolea hautoi kitu.

Akampigia simu Bi Subilaga, aliyekuwa shambani na majirani, akamweleza yote.

"Umenisikia, mama?"

"Nimekusikia. Mwanangu, daraja nilikutuma mimi. Mbolea wanaitaka wote. Miaka hii yote ulisema kwa mdomo wangu. Leo sema kwa mdomo wako."

Katibu akaanza kuita majina, mmoja mmoja.

"Mheshimiwa Ambilikile!"

"Ndiyo!" ikajibu sauti ya mtu aliyepumzika vizuri.

"Mheshimiwa Lutengano Kapyela!"

Akilini alimwona yule mke wa fundi cherehani ukingoni. Aliwaona pia watu mamia kwa mamia na majembe yao. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama mtu wa daraja.

"Hapana," akasema.

Upande wa pili wakaangua kicheko. Bajeti ikapita kwa kura nyingi, bei ya mbolea ikapanda, na Hapana ya Lutengano haikuokoa hata gunia moja.

Baadaye, kwenye chumba cha chai, Lutengano alikuwa kwenye foleni, kikombe mkononi. Mbele yake Naibu Waziri alikuwa akisema, bila kushusha sauti, "Lile daraja nalihamishia kwingine. Aliyelikataa asilione."

Lutengano akafungua mdomo. Mtu aliyesema daraja kwenye muswada wa nyuki alikosa la kusema kuhusu daraja.

Ndipo Ambilikile, akikoroga chai yake taratibu, akasema, "Mheshimiwa, daraja lina miguu miwili. Mmoja uko kwake, mmoja uko kwangu. Ukilihamisha, huo mguu wangu unaupeleka wapi?"

Naibu Waziri akakohoa, akaomba sukari. Habari ikaishia hapo. Haimo katika kumbukumbu za Bunge, maana waandishi wa kumbukumbu hawaingii chumba cha chai.

Daraja likajengwa mwaka uliofuata. Siku ya kulifungua, Mkuu wa Wilaya akasimama mbele ya kibao cheupe na fundi wa rangi. "Ndugu wananchi," akasema, "kibao kinatosha jina moja. Daraja liitwe nani?"

Ambilikile akasema, "Mimi sina maneno mengi. Someni kumbukumbu za Bunge. Kura ya mwenzangu ni Hapana, yangu ni Ndiyo. Daraja lilijengwa kwa Ndiyo." Ya chumba cha chai hakuyagusa, kwani yangemwaibisha mkubwa wa chama chake.

Bi Subilaga akasema, "Kumbukumbu hizo hizo zinasema daraja mara thelathini na moja. Neno hilo nani alimpa? Huyu alikwenda msibani kuhutubia. Nisingemshika mkono, angehutubia akarudi zake."

Akabaki Lutengano. Uchaguzi ulikuwa umebaki miezi miwili, na watu walimtazama kwa macho ya kutaka kumpa jina hilo. Angeweza kusema habari ya maswali yake na kukaa chini.

"Niliuliza mara thelathini na moja," akasema. "Niliona bora daraja likose kuliko shamba life, na kesho ningesema Hapana tena. Lakini daraja hili lilitaka kuhamishwa. Nilikuwepo, nikawa bubu. Aliyelizuia lisiondoke ni Mheshimiwa Ambilikile." Akawasimulia ya chumba cha chai, hadi sukari. Ambilikile akainamisha kichwa. Mkuu wa Wilaya akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake.

Zogo likazuka. "Apewe Lutengano! Nani mwingine angesema hayo miezi miwili kabla ya uchaguzi?"

"Amesema Hapana kwa daraja, kisha tumpe daraja?"

"Basi apewe Ambilikile!"

"Huyo huyo aliyetufutia mbolea? Na hata hiyo chai aliikoroga kwa ajili ya mguu wake mwenyewe!"

"Apewe mama Subilaga!"

"Alipoulizwa habari ya kura, mbona naye alisema 'sema kwa mdomo wako'?"

Fundi akachovya brashi. Rangi ikadondoka matone mawili kwenye majani, naye akiwa bado anangoja kuambiwa herufi ya kwanza.

Na ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza, msiniangalie mimi. Mmoja alisema sana akasema Hapana, mmoja hakusema kitu akasema Ndiyo, mmoja alimtuma mwingine kusema. Je, mngemwambia fundi aandike jina la nani?