Mafuta ya Wakfu na Miguu ya Vuai

Hapo zamani, katika mji wa Kitongani, palikuwa na chuo cha dini chenye wakfu wa minazi. Bibi mcha Mungu aliyeiacha minazi hiyo alishurutisha kwamba mafuta yake yawashe taa ya wanaosoma baada ya magharibi, kwa kuwa mchana walikuwa makondeni. Basi Sultani Mwinyi Shaha, msimamizi wa wakfu, akaona ni hasara mafuta mazuri kama yale kuteketea juu ya vitabu. Akaamuru yakandiwe miguu ya wakimbiaji wa chuo, wapate wepesi.

Ikawa taa imezimika, lakini chuo kimesifika: kikawa cha tatu katika mbio, na vyuo vilivyoshindana vilikuwa vitatu.

Alikuwako Shibu, fukara aliyeanza kujifunza kusoma uzeeni. Akaenda barazani, akasema, "Bwana wangu, nimebakiza juzuu moja, na umri umenitupa mkono. Nisome vipi gizani?"

Sultani akamjibu, "Shibu, wewe huijui faida ila ya kushikika. Mbio hazituletei fedha, kweli, ila zinatuletea sifa na umoja. Vijana waliokuwa wakisinzia chuoni, leo wanashangilia uwanjani."

"Kelele zao tumezisikia, bwana wangu."

Mawaziri wakainamisha nyuso wasionekane wakicheka. Sultani akaghadhibika, akasema, "Kesho magharibi nitakuja chuoni. Uiwashe taa kwa mafuta ya wakfu, wala pipa lake lililoko kwangu usiliguse. Ukishindwa, uhame mji huu."

Shibu akarudi kwa huzuni, maana hakuwa na pa kuhamia. Lakini kesho yake Sultani alipoingia chuoni, alimkuta Vuai, mkimbiaji hodari, amelazwa chali mkekani na wanafunzi, miguu imeinuliwa na kufungwa kamba kwenye boriti, utambi umechomekwa kati ya vidole, naye Shibu amekwisha washa kijinga cha moto.

"Shibu, wataka kumchoma mtu?"

"Hasha, bwana wangu, nawasha taa. Mafuta ya wakfu nimeyatafuta mji mzima, nikayaona hapa tu."

Vuai akautazama ule moto, akasema upesi, "Bwana wangu, warudishie mafuta yao. Yananitelezesha kila kona."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema ni sifa, bwana wangu. Nikaona haya kuikataa."

Sultani akacheka, kwani mbele ya raia waliokuja kutazama hakuwa na pengine pa kujificha. Akalirudisha pipa chuoni, na Shibu akaimaliza juzuu yake. Mbio nazo hazikukatazwa, ila tangu siku hiyo Sultani alizigharimia kwa mali yake mwenyewe, na hapo mapenzi yake ya sifa na umoja yakapoa kwa haraka ya ajabu.