Minyaa ya Jumapili

Wahenga waliposema heri nusu shari kuliko shari kamili, hawakusema kwamba nusu shari ni tamu. Watu wengi huitamka methali hii wakitabasamu, kana kwamba inamsifu mtu mwepesi wa kukubali. La hasha! Shari ni shari hata ikikatwa vipande viwili, na anayechukua kipande kimoja atalia nacho. Ila yule anayekikataa kipande, kisha akabebeshwa gogo zima, huyo hata machozi hayamtoshi. Yaliyotokea katika mji mdogo wa Mnyaani ni ushahidi tosha.

Mnyaani upo kando ya reli mkoani Singida, mwendo wa asubuhi moja kutoka Manyoni. Una mashine mbili za kukamua alizeti, kanisa, msikiti, maduka yasiyozidi kumi, na upepo. Upepo wa huko haujui likizo. Kusini mwa reli kuna uwanda mpana walikoishi wazee wa mji huo kabla ya kuhamishiwa kijijini katika miaka ya sabini. Nyumba zao zilianguka zamani, lakini minyaa waliyokuwa wameizungushia maboma yao ilibaki, ikakua, ikawa miti. Mahali palipohamwa namna hiyo huitwa mahame. Hadi leo kila ukoo unayajua mahame yake kwa minyaa hiyo, na humo ndimo unamolima na kuwazika watu wake.

Katikati ya uwanda lilikuwapo bwawa lililoitwa Bwawa la Ndama. Mvua zikinyesha lilijaa, na korongo weupe wakaja kusimama kwa mguu mmoja wakiwaza mambo yao. Kiangazi lilikauka kabisa, udongo ukapasukapasuka. Hata hivyo, jua la saa saba lilipowaka, mazigazi yalilijaza upya, na mtu aliyetazama kutoka relini angeweza kuapa kwamba ameona ng'ombe wamesimama majini. Wenyeji walisema bwawa lao haliondoki, bali hulala tu likaota.

Mtu aliyelipenda bwawa hilo kuliko wote alikuwa Rahabu, mjane wa miaka sitini na kidogo. Akiwa binti alichunga ndama hapo, na hapo ndipo kijana aitwaye Naftali alipomwomba maji ya kunywa ilhali yeye mwenyewe alikuwa na kibuyu kilichojaa pomoni. Waliishi pamoja miaka thelathini na minane. Sasa Naftali alikuwa amelala ndani ya mahame ya baba zake, pamoja na mtoto wao wa kwanza, hatua mia tatu kutoka bwawani. Kila jioni Rahabu alikwenda kuketi ukingoni, akazungumza naye. Watu walimwacha. Mji mdogo hujua nani ni kichaa na nani ana upendo wa muda mrefu.

Amani hiyo ilivunjika pale kampuni ya viwanja kutoka Dodoma ilipokuja na karatasi iliyosema kwamba uwanda wote ni eneo la wazi, lisilo na mwenyewe. Familia ishirini na moja zikaenda Baraza la Ardhi. Jina la Rahabu liliandikwa la kwanza katika mashtaka, na msemaji wao akawa Calist, rafiki wa marehemu Naftali, mwenye mashine ya kukamua alizeti na mdomo usiohitaji kipaza sauti. Kesi ikaanza kutambaa. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, hata miaka sita ikakatika.

Mwaka wa sita kampuni nayo ikachoka. Ikamtuma afisa wake, kijana mtaratibu aliyeitwa Emilian, kukutana na walalamikaji katika ofisi ya kata.

"Shikamooni wazee wangu," alisema, akakunjua ramani mezani. "Tumekuja kutafuta maridhiano. Kila familia ibaki na mahame yake, pale penye minyaa ya zamani na makaburi. Tutayapima kwa gharama zetu na mtapata hati zenu. Sehemu iliyobaki, kuanzia bwawani mpaka barabara kuu, ichukuliwe na kampuni. Atakayeridhia atie saini kabla baraza halijaja kukagua eneo mwezi ujao. Asiyeridhia ataendelea na kesi."

Rahabu aliitazama ramani. Bwawa lake lilikuwa limechorwa kama duara dogo la buluu, na ndani ya duara hilo paliandikwa neno moja: kifusi.

"Mtalifukia?" aliuliza.

Emilian aliinamisha macho. "Patajengwa stendi ya malori, mama."

Calist aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Nusu! Tunaletewa nusu ya mali yetu wenyewe kwenye sahani, halafu tuseme asante? Ama zote, ama zote! Shemeji, sema kitu."

"Siwezi kuliuza bwawa," Rahabu alisema taratibu. Ukumbi ukapiga makofi, na mkutano ukaishia hapo.

Jumapili iliyofuata, wakati wengine wakimwomba Mungu, Calist aliamua kumsaidia Mungu kazi. Alikusanya wanaume wa familia tano wenye mapanga na mkokoteni. Jambo moja lilikuwa likimnyima usingizi: baraza likiona kwamba minyaa ya zamani haifiki bwawani, litasema mahame ni madogo na uwanda ni mtupu. Mnyaa nao hauna makuu. Ukikata tawi ukalichomeka ardhini, hushika. Basi wakaenda katika mahame yao wenyewe, wakaikata minyaa ya babu zao mpaka visiki ili wapate vipandikizi vya kutosha, wakavipanda kuzunguka uwanda mzima. Na kwa kuwa Calist alikuwa mtu wa kazi safi, alivuta kamba ili mistari inyooke.

Siku iliyofuata alfajiri, Rahabu alikuwa akimtafuta mbuzi wake aliyekata kamba alipokutana na ua mpya. Ulikuwa umetoka kwenye mahame ya Naftali, ukaenda moja kwa moja, ukalizunguka bwawa lote, ukarudi. Ukungu mwembamba ulikuwa bado umelala juu ya ardhi, na vile vijiti vya kijani vilionekana kama vinaelea. Kwa muda alidhani anaota.

"Umeona?" ilisikika sauti nyuma yake. Alikuwa Calist, macho yamemvimba na kuwa mekundu kwa utomvu wa minyaa. "Tumekupandia na wewe, shemeji. Tangu leo bwawa lipo ndani ya boma la marehemu. Baraza likija, wewe useme tu kwamba boma la baba mkwe wako lilifika huku."

"Lakini halikufika huku, shemeji."

"Nani anajua? Waliojua wamekufa. Naftali mwenyewe angekushukuru."

Rahabu aligeuka, akaendelea kumtafuta mbuzi wake. Si kwamba alichukizwa. Ukweli ni kwamba moyo wake uliruka kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomtisha. Bwawa lote, pamoja na korongo wake, sasa lilikuwa ndani ya ua wa Naftali! Kilichohitajika ni kusema uongo mmoja mfupi, mbele ya watu wasiomjua.

Mchana huo alijilaza mkekani barazani kwake, upepo ukipuliza vumbi la reli. Usingizi ukamchukua. Akamwona Naftali akirudi na ng'ombe, na kwato za ng'ombe hao hazikutimua vumbi. Mvua ilikuwa imekaribia. Naftali aliufikia ua mpya, akaanza kuuzunguka akiupapasa kwa kiganja, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Alizunguka bwawa, akarudi, akazunguka tena. Ng'ombe walimfuata kimya. Hatimaye alisimama upande wa pili wa ua, karibu kabisa na mkewe, akamtazama kwa haya, kama mgeni.

"Mama Leah," aliuliza, "mlango wa nyumbani uko wapi? Mbona pamekuwa pakubwa hivi?"

Rahabu alitaka kumwonyesha, lakini hata yeye hakujua mlango ulipo. Aliamka uso umelowa machozi. Binti yake, Leah, aliyekuwa akipepeta mtama pembeni, aliacha ungo.

"Mama, kuna nini?"

"Baba yako amepotea, na waliompoteza ni sisi," alisema Rahabu. "Nipe jembe."

Jioni ile aling'oa kila kipandikizi kilichopandwa kwa jina lake. Leah alimsaidia, na mara mbili alimsikia mama yake akisema peke yake, "Bwawa langu, nisamehe." Kesho yake asubuhi wakaenda ofisi ya kata. Rahabu aliiomba ramani, akaweka kidole juu ya lile duara la buluu, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Emilian, aliyekuwa bado pale akikusanya saini, alisubiri bila kumharakisha. Ndipo akatia saini.

Habari zikaenea kama moto wa nyasi kavu. Calist alimfuata hadi nyumbani, asijali hata kuitikia shikamoo ya Leah.

"Umetuuza, shemeji! Jina lako ni la kwanza kwenye mashtaka!"

"Nimeuza nilichokipenda kuliko vyote, shemeji, usinifundishe uchungu wake," Rahabu alimjibu. "Nimebakiza kaburi la mume wangu na la mwanangu. Nenda nawe ukabakize la mama yako. Siku bado zipo."

"Mimi silambi sahani. Nitakula chungu kizima."

Familia kumi na nne zilimfuata Rahabu na kutia saini. Calist na wenzake watano wakabaki, wakijigamba kwamba sasa chungu kitagawiwa kwa watu wachache.

Siku ya ukaguzi, mwenyekiti wa baraza alifika pamoja na wazee wa baraza wawili. Mmoja wao alikuwa Bi Magdalena, mama mnene, mpole, aliyekuwa amechunga ng'ombe kabla ya kujua kusoma. Alitembea polepole kando ya ua mpya, mkono nyuma, kama mtu aliyekuja kupunga hewa. Uwanda ulikuwa ukimetameta, na kwa mbali mazigazi yalikuwa yameanza kulijaza bwawa.

"Boma hili lilihamwa lini, mwanangu?" alimuuliza Calist.

"Mwaka sabini na nne, shikamoo."

"Marahaba. Mnyaa wa miaka hamsini ni mti, unakaa kivulini mwake. Hiki ni kijiti. Hakijamaliza hata kiangazi kimoja."

"Ile ya zamani ilikufa, tukapandia palepale," Calist alisema haraka.

Bi Magdalena alitikisa kichwa kwa huzuni. Akanyoosha mkono kuonyesha ule mstari, ulionyooka sawasawa hadi kona, ukakunja, ukanyooka tena. "Nimezaliwa kwenye boma, nimeolewa kwenye boma. Yote yalikuwa duara. Ng'ombe huzunguka, na boma huzunguka naye. Niambie, baba, mlifuga ng'ombe gani wenye kuhitaji kona?"

Hata wenzake Calist walishindwa kuzuia kicheko, ingawa walikuwa wakicheka maangamizi yao wenyewe. Calist, jasho likimtiririka, akasema basi baraza liache huo ua mpya, liende likaone mahame yake ya kweli, yenye minyaa ya babu yake. Wakaenda. Wakakuta visiki. Vilikuwa vimekatwa chini kabisa, vimefunikwa vumbi, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ua ulianzia wapi na kuishia wapi. Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu. Calist alielewa wakati huo kwamba alikuwa ameukata ushahidi wa kweli ili apande wa uongo.

Hukumu ilisomwa baada ya miezi miwili. Walalamikaji sita waliobaki hawakuaminika kwa lolote, kwa kuwa walitengeneza ushahidi, na madai yao yote yalitupwa. Kampuni ikapewa ardhi yao, ikaamriwa tu iwaruhusu kuwahamisha wafu wao.

Mvua za mwaka huo zilipokaribia, malori ya kifusi yalikuja. Rahabu alisimama kwenye mpaka wake, penye bikoni mpya ya zege, akatazama bwawa likifukiwa mchana kutwa. Alilia bila kujificha. Hati ilikuwa ndani ya sanduku nyumbani, yenye jina lake, lakini hati haina korongo. Walipokuja wiki iliyofuata, ndege hao walizunguka juu ya kifusi mara tatu, wakaelekea Bahi. Leah alimshika mama yake mkono, wakarudi nyumbani.

Siku hiyohiyo Calist alikuja. Alisimama nje ya ua, mtu aliyezoea kuingia bila hodi.

"Hodi, shemeji."

"Karibu."

Hakuketi. Aliishika kofia yake kwa mikono miwili. "Wamenipa siku saba kumtoa mama pale. Sina pa kumpeleka. Makaburi ya mji yamejaa, na yeye alisema siku zote asizikwe mbali na ng'ombe." Akaikunja ile kofia. "Nilikuwa na ekari mbili, shemeji. Ziliwekwa mezani mbele yangu. Leo nakuja kukuomba futi sita."

Rahabu alimtazama mtu huyu aliyemwita msaliti mbele ya mji mzima. Alimhurumia hasa. Akainuka, akamwongoza hadi ndani ya mahame, akapita kaburi la Naftali, akapita kaburi dogo la mwanawe, akasimama kwenye nafasi iliyokuwa karibu na minyaa mikubwa. Hapo ndipo alipokuwa amejiwekea yeye mwenyewe.

"Mlete hapa," alisema. "Mimi nitabanana na mume wangu."

Siku ya tatu, kabla jua halijapanda, mama yake Calist alizikwa mara ya pili. Watu wa familia zote ishirini na moja walikuja, Wakristo kwa Waislamu, na hakuna aliyetaja kesi. Calist alishika sepetu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akakataa kupokewa. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, alipiga magoti katika ardhi isiyokuwa yake, akainua uso kumtazama Rahabu, akayasema mwenyewe, kwa sauti ndogo ambayo Mnyaani haikuwahi kuisikia kutoka kwake, maneno ambayo hayakatiwi rufaa: heri nusu shari kuliko shari kamili.